Ua na Kilima Chake: Maoni Yetu juu ya Picha za Mimea ya Shaba

Mtu akilitaja jina la Kolwezi mbele ya wageni, ni picha gani huwajia? Kwa kawaida ni shimo. Ni shimo kubwa lenye ngazi za udongo mwekundu, malori yakishuka na kupanda, na vijana wenye magunia ya kobalti mabegani. Picha za namna hiyo zimechapwa mara nyingi katika magazeti ya Ulaya na Marekani, wala hatusemi kwamba ni za uongo. Mashimo yapo, vijana wapo, na taabu yao ipo. Lakini ni wachache waliowahi kuona picha ya ua la Kolwezi. Hata sisi tukaao katika nchi hii ya shaba, tukiulizwa maua ya vilima vyetu yana sura gani, wengi wetu tutanyamaza.

Kwa hiyo tulifurahi sana kijana mmoja wa parokia, fundi wa umeme kwa kazi yake, alipotuletea bahasha yenye picha 40 za mimea ya porini. Alizipiga alfajiri kwa muda wa miaka miwili, juu ya vilima vya kando ya barabara iendayo Likasi, kabla ya kwenda kazini. Ametuomba tuseme maoni yetu bila kumpendelea, na tena tusilitaje jina lake. Tumekubali yote mawili. Twaandika juu ya picha zake, lakini maneno yetu yanawahusu wote wapigao picha za viumbe vya Mungu, na wote wazitazamao.

Kazi ya alfajiri

Kwanza tuzisifu, maana zastahili sifa. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kupiga picha ya ua ni kuinama na kubonyeza tu. Sivyo. Ifikapo saa tatu ya asubuhi jua letu la Katanga limekwisha kuwa kali. Mwanga hushuka kutoka juu, hufifisha rangi, huweka kivuli cheusi chini ya kila jani, na ua jeupe huonekana kama kipande cha karatasi. Isitoshe, ardhi ikipata joto upepo huamka, na shina jembamba hutikisika pasipo kutulia.

Basi mwenye busara hulitangulia jua. Kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, mapema kidogo wakati wa mvua, na kwa kuchelewa kidogo katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Hapo mwanga hupita kwa ubavu. Kwa kuwa jua liko chini, mwanga wake hupenya hewa nyingi kabla ya kutufikia. Ile buluu hutawanyika njiani, na unaofika ni wa rangi ya dhahabu. Vinyweleo vya majani, ambavyo adhuhuri havionekani kabisa, wakati huo hung'aa kimoja kimoja. Umande ungali juu ya nyasi, na upepo umelala bado. Mpiga picha ana nusu saa, labda zaidi kidogo, kisha neema hiyo imekwisha mpaka kesho. Tukumbuke pia kwamba Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri wakati wa kiangazi si ya mchezo. Kijana wetu asema kwamba mara nyingi vidole vilikufa ganzi, akashindwa hata kuzungusha lenzi.

Chombo chake ni kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, pamoja na lenzi ndefu ya milimita 400, yaani lenzi ile ambayo wapiga picha wa wanyama na wa michezo huitumia kuvuta vitu vya mbali. Mtu aweza kuuliza: ua halikimbii, mbona alipige kwa mbali kama simba? Sababu yake ni njema. Juu ya vilima vya shaba mimea mingi ni midogo, nayo imesongamana kati ya mawe. Mtu akiisogelea kwa magoti, kwa kulipata ua moja huponda kumi. Mwenye lenzi ndefu husimama hatua tatu au nne nyuma, huweka kamera yake juu ya miguu mitatu karibu na ardhi, na hata umande hauanguki. Hiyo ni adabu, nasi twaisifu. Ingefaa wote waingiao katika vilima hivyo waingie kwa adabu kama hiyo.

Tena lenzi hiyo ina tabia yake. Ikilenga kitu kilicho karibu, kitu hicho peke yake huonekana wazi. Ukifungua lenzi vya kutosha na kulenga ua lililo umbali wa mita 3, unene wa sehemu iliyo wazi haupiti sentimita 2 hivi. Vyote vilivyo mbele na nyuma yake huyeyuka vikawa ukungu laini wa rangi. Ndiyo maana ua husimama peke yake, kama sanamu ya mtakatifu mbele ya pazia.

Katika picha ya 5 twaona maua ya manjano ya mmea wa jamii ya marejea, na tone moja la umande katika ncha ya jani, na ndani ya tone hilo jua dogo kabisa. Katika picha ya 22 twaona chipukizi jekundu likitoka katika ardhi nyeusi iliyoungua. Hilo ni jambo la kweli la nchi yetu, maana mimea mingi ya nyika zetu huficha uhai wake chini ya udongo, na moto ukiisha kupita huchipua hata kabla mvua haijanyesha. Tuliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, tukakumbuka mkesha wa Pasaka. Fundi aliyeweza kutufanyia hivyo kwa chipukizi moja ni fundi wa kweli.

Mimea isiyoweza kuhama

Sasa, kabla ya kusema lililotusumbua, yatupasa tueleze kidogo mimea hiyo ni ya namna gani, maana bila hilo maneno yetu hayataeleweka.

Msomaji asafiriye katika misitu yetu ya miombo ameona mara kwa mara kilima ambacho miti yake hukoma ghafula. Chini ni miombo mirefu. Ukipanda kidogo miti huwa mifupi na michache. Juu ni nyasi, mawe, na maua. Wazee walivijua vilima hivyo tangu zamani, wakachimba pale mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru, wakatengeneza ile misalaba ya shaba ambayo sifa yake ilifika mbali. Sababu ya miti kukoma ni shaba yenyewe. Udongo wa kawaida una shaba kidogo mno, miligramu makumi machache tu kwa kilo moja. Juu ya vilima hivi yaweza kuwa gramu kadhaa kwa kilo, na hiyo kwa mimea mingi ni sumu.

Hata hivyo iko mimea iliyojifunza kuishi pale. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 600 za mimea katika udongo wa shaba na kobalti wa Katanga, na katika hizo kuna aina zaidi ya 30 ambazo hazioti mahali pengine popote duniani. Vilima vyenyewe, vikubwa kwa vidogo, ni zaidi ya 100, navyo vimetawanyika kama visiwa katika bahari ya miombo. Mmea wa kisiwa kimoja hauwezi kila mara kuvuka kwenda kingine. Iko aina inayopatikana katika vilima vichache tu.

Tutaje miwili. Wa kwanza ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa ukoo wa mrihani na kivumbasi. Wafaransa na Wabelgiji waliuita ua la shaba, kwa kuwa hupenda kuota mahali penye shaba palipofukuliwa. Kwa kuufuata mmea huo wataalamu wa mambo ya kale waligundua mahali pa tanuru za wazee wetu, ambapo hakuna mtu aliyekumbuka tena kwamba moto uliwahi kuwashwa. Wa pili ni Crotalaria cobalticola, ndugu wa yale marejea ambayo Wabenediktini wa Peramiho huko Tanzania waliwahimiza wakulima kuyapanda ili kurutubisha mashamba. Yeye jina lake lenyewe lasema kwamba hukaa kwenye kobalti.

Basi, mimea hii ni mashahidi. Ua la bustani laweza kupandwa Kinshasa, Nairobi au Brussels, nalo likabaki ua lilelile. Ua la shaba lina maana kwa sababu ya udongo liliosimama juu yake. Ukiliondoa kilimani umeondoa nusu ya habari yake.

Lililotusumbua

Hapa ndipo tunapomlaumu kijana wetu, kwa upendo lakini waziwazi. Katika picha 40 tulizoletewa bahashani, hata moja haionyeshi kilima. Haionyeshi jiwe la kijani, wala ukingo wa msitu, wala mbingu. Nyuma ya kila ua pana pazia lilelile la kijani na dhahabu. Nyuma ya picha, mahali pa maandishi, pameandikwa nambari tu: 1, 2, 3, mpaka 40. Hakuna jina la mmea, wala la mahali, wala siku.

Tulimwonyesha mtu ajuaye mimea ile picha ya 5, ya maua ya manjano. Akaitazama sana, akasema yafanana na Crotalaria cobalticola. Lakini asingeweza kuapa, alisema, maana jamii ya marejea ina ndugu wengi, na hapo hakuna udongo wa kumsaidia, wala shina, wala kilima. Akaturudishia picha akiisikitikia. Picha nzuri kuliko zote imeshindwa kujibu swali rahisi kuliko yote: huyu ni nani, na kwake ni wapi?

Kosa hilo si la mkono wake tu, limo katika chombo chenyewe. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 hutazama pembe ya digrii 46 hivi. Lenzi ya milimita 400 hutazama digrii 6 tu. Maana yake, anayeitumia amekubali kuacha karibu vyote vilivyo mbele yake ili apate kidogo. Mwenye kuacha namna hiyo yampasa ajue anachokiacha. Tulimwuliza kijana: nyuma ya ua la picha ya 5 palikuwa na nini? Akacheka kidogo kwa haya, akasema: palikuwa na mlima wa vifusi vya mgodi, na lori. Alizunguka mpaka akapata pembe ambapo havionekani.

Twamwelewa. Nani asiyechoka kuona vifusi? Mtu akaaye kati ya vumbi mchana kutwa ana haki ya kutafuta alfajiri iliyo safi. Lakini hebu tufikiri. Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Picha hiyo haikusema uongo kwa neno lolote. Kila rangi iliyomo ilikuwapo kweli. Lakini mtu wa mbali akiitazama ataamini kwamba ua hili limekaa salama katika nchi ya amani, wala hakuna haja ya kuliombea. Ushuhuda wa namna hiyo, ijapokuwa si uongo, wawaacha watu katika uongo.

Yuko mpiga picha wa Katanga aliyelishughulikia jambo hili kabla yetu, naye ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka wa 2006, aliwatoa watu katika picha za kale za wakati wa ukoloni, wafanyakazi na mabwana zao, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyoachwa vya siku hizi. Baadaye alipiga picha za machimbo ya mikono ya Kolwezi, akaziweka kando ya mabango ya rangi yaliyotoka China, yale ya mandhari ya kupendeza ambayo watu hununua na kuyatundika ukutani. Wengi wetu tunayo mabango hayo nyumbani: maporomoko ya maji, bustani, maua makubwa, na hakuna ajuaye ni ya nchi gani. Bango peke yake ni pambo. Likiwekwa kando ya shimo, mara huanza kusema, na shimo nalo husema.

Twaona hatari kwamba picha za kijana wetu, kwa uzuri wao wote, zitakuwa mabango ya namna hiyo. Ni ajabu na ni huzuni: maua yaliyo yetu kabisa, yasiyopatikana kwa mtu mwingine yeyote duniani, yamepigwa picha hata yakawa kama hayana kwao.

Ua la Dikuluwe

Huenda msomaji akasema: mbona mnakaza sana? Ni maua tu. Basi tumsimulie habari moja ya hapa kwetu.

Kolwezi ilianzishwa mwaka wa 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud, alitembea katika vilima vya Katanga, akaandika mimea ya shaba kimoja baada ya kingine. Mwaka wa 1958 alitoa maandishi yake makubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini, na mwaka wa 1963 akatoa mengine pamoja na mwenzake Denaeyer-De Smet. Kati ya mimea iliyopewa jina wakati ule ni mmoja wa ukoo wa muhogo na mbarika. Uliitwa Acalypha dikuluwensis, yaani ule wa Dikuluwe, hapa karibu na Kolwezi.

Dikuluwe sasa ni jina la mgodi wa wazi. Mmea ule ulionekana mara ya mwisho mwaka wa 1959. Shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile limeuandika katika orodha ya viumbe vilivyotoweka, na sababu inayotajwa ni uchimbaji. Mahali ulipokaa paliondolewa, nao ukaondoka pamoja na mahali pake. Mungu aliuumba, ukakaa huko kwa muda tusioweza kuuhesabu, mtu akaupa jina, na haukupita muda mrefu ukawa haupo tena.

Leo tungetoa nini ili tuipate picha yake moja, ikiwa imekaa nyumbani kwake asubuhi, Dikuluwe ikiwa bado kilima? Tungekubali picha mbovu, ya ukungu, iliyopigwa adhuhuri na mkono unaotetemeka, mradi ituonyeshe mteremko uliokuwa wake, na majirani zake walikuwa nani. Tusingeuliza kama pazia la nyuma ni laini.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka wa 2015, alifundisha kwamba kiumbe kikitoweka kwa ajili yetu sisi, sifa ambayo kingempa Mungu kwa kuwapo kwake imekoma, nasi hatukuwa na haki hiyo. Tukiyafikiri maneno hayo, habari ya Dikuluwe si jambo dogo. Hatusemi kwamba shaba isichimbwe. Wengi wa wasomaji wetu wamesomeshwa kwa shaba, na makanisa yetu mengi yamejengwa kwa sadaka ya watu wa mgodi. Twasema tu kwamba mtu akiondoa kilima, angalau ajue alichokiondoa. Na ili tujue, twahitaji mashahidi.

Vitabu na bango

Kazi ya kushuhudia imeanza kufanywa. Mwaka wa 2016 huko Gembloux, Ubelgiji, kilitolewa kitabu cha mimea ya shaba na kobalti ya Katanga na Zambia, kilichotungwa na François Malaisse, Michel Schaijes na Claire D'Outreligne. Mna mimea zaidi ya 400, na picha zipatazo 1,000, pamoja na michoro. Hicho ni kitabu cha kwenda nacho porini, na kazi yake ni kumsaidia mtu autambue mmea. Picha ya kitabu cha namna hiyo haijivuni; husimama kando ya jina lake na habari zake kama mtoto kando ya mzazi. Huko Tenke na Fungurume nako wataalamu wamejaribu kukusanya mbegu za mimea ya vilima vinavyochimbwa, na kuihamisha pamoja na udongo wake. Watu hao wakiulizwa wangependa picha gani, hawatachagua lile ua lililo mbele ya pazia.

Je, twasema basi kwamba picha za vitabu ni bora kuliko za kijana wetu? La. Picha ya kutambulisha hutuambia ua ni nani, lakini mara nyingi haitufanyi tulipende. Kijana wetu amefanya jambo ambalo kitabu hakifanyi: ametufanya tukae kimya mbele ya kitu kidogo. Bwana wetu mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake wayaangalie maua ya kondeni. Hakuwaagiza kwanza wajue majina yake. Ametaka watazame, wakautambue wema wa Baba. Mtu aamkaye gizani ili atazame hivyo amekwisha kusali nusu ya sala yake ya asubuhi, nasi hatutaki kumvunja moyo.

Lakini tukumbuke kwamba Bwana alisema maneno hayo huko mlimani, na maua yenyewe yalikuwa mbele yao, mahali pake, nayo yalikuwa yakielekea kunyauka. Ufupi wa maisha yake ulikuwa sehemu ya fundisho. Uzuri usiotuonyesha kwamba waweza kupotea haujatuambia yote.

Picha ya 41

Tulipokwisha kumwambia kijana hayo yote, alinyamaza. Kisha akatoa simu yake, akatuonyesha picha moja ambayo hakuitia katika bahasha kwa kuwa hakuihesabu kuwa picha. Aliipiga siku ileile ya picha ya 5, kwa ajili ya kukumbuka njia tu. Mna mteremko wenye mawe ya kijani. Mna nyasi fupi zilizojaa umande, na ndani yake alama za manjano kama kumi na tano, ndiyo maua yenyewe, madogo kama punje. Kushoto msitu wa miombo unaanza. Nyuma kabisa, katika mwanga uleule wa dhahabu, umesimama mlima wa vifusi na lori juu yake. Karibu na miguu ya mpiga picha pana kigingi chenye kitambaa chekundu, alama ya watu waliopima.

Kwa mpango wa rangi na kivuli, picha hiyo ni duni. Lakini tulipoiweka kando ya ile ya 5, zote mbili zilibadilika. Lile ua kubwa lenye tone la umande likawa mmoja wa wale wadogo kumi na tano, na wale wadogo wakawa na uso. Tukaelewa kigingi kile kinamhusu nani. Kijana akatuambia kwamba msimu uliofuata alirudi, akakuta ukingo wa udongo umezuia njia, wala hajui hali ya mteremko ule.

Basi maoni yetu ni haya. Bahasha ile ina picha 40 nzuri, na kazi yenyewe haijakamilika mpaka itiwe ile ya 41 na ndugu zake. Tunamshauri kijana, na wote watakaomfuata, mambo machache. Kwanza, asiiache lenzi yake ndefu. Aendelee kusimama mbali kwa adabu, wala asing'oe nyasi wala asivunje tawi ili apate nafasi. Pili, kwa kila ua alipigalo karibu, apige na jingine la kuonyesha makao yake: udongo, majirani, mteremko, na hata vifusi vikiwapo. Tatu, aandike nyuma ya picha mahali na siku, na jina la mmea likijulikana; lisipojulikana, awaulize wazee wa vijiji vya karibu wanaliitaje, kisha ampelekee mwenye elimu ya mimea. Adamu alipewa kazi ya kuwapa viumbe majina, nasi tu watoto wake. Nne, asisubiri. Alfajiri hurudi kila siku, lakini kwa vilima hatuna ahadi hiyo.

Nanyi wasomaji mtakaotundika picha hizo ukutani, kama tunavyotumaini, msizitenganishe. Tundikeni ua, na kando yake tundikeni kilima. Mgeni akiuliza ni nchi gani hii nzuri, mwambieni ni Kolwezi. Akiuliza ile nyingine ni ya nini, mwambieni ndiyo kwao lile ua, mkamwombe naye aiombee.